Pongezi kwa Fundi wa Umeme wa Magari, Kibabii

Aghalabu abiria atokaye Bungoma kwenda Chwele humkumbuka dereva na utingo, asimkumbuke fundi wa umeme wa Kibabii, ambaye kwa subira na maarifa huihuisha swichi ya taa au ya indiketa iliyochakaa kwa kusuguana kutwa, ilhali vumbi likichanganyika na grisi kuukuu hugeuka kama msasa unaoila shaba. Huifungua, akaisafisha, akapaka grisi kidogo mno panapoteleza tu, kwani ikizidi hunasa vumbi upya. Wala hazikwangui kwa kisu ncha zilizopakwa madini ya fedha, maana ngozi hiyo ikishatoka hairudi.

Lakini hekima yake kubwa i katika rilei, yaani swichi iendeshwayo kwa sumaku-umeme. Taa mbili za wati 55, katika gari la volti 12, huvuta takriban ampea 9, na mkondo huo ukikatizwa ndani ya swichi huruka cheche ziunguzazo ncha. Rilei ikiubeba, swichi hubakiwa na mkondo usiofika hata ampea 1. Kazi hii, kwa maoni yangu, yastahiki taadhima sawa na ya injini. Enyi wenye matatu, mlipeni fundi ujira wake kamili, wala msimnyime bei ya rilei.