Sikio Kabla ya Bisibisi

Mvumo hauna papara. Ni sauti nzito ya chini, haipandi wala haishuki, na fundi akiisikia kwenye maiki ya valvu, macho yake hayaendi kwenye maiki. Huenda kwenye kisanduku cha umeme kilichowekwa sakafuni. Ule mchakacho wa shhh usiokoma humpeleka kwenye valvu. Mipasuko ni habari nyingine. Pa. Kimya. Papa, pa. Kisha dakika nzima ya amani, kisha vurugu tena, kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na tone la maji. Huja asubuhi yenye unyevu na kutoweka saa nane mchana jua likiwa limekolea. Fundi akiisikia hiyo, huvuta kiti akakaa.

Nimekaa mara nyingi pembeni ya fundi wa namna hiyo hapa Wazo, katika chumba kimoja karibu na njia ya kwenda Madale, nikimtazama akiwa amevaa hedifoni bila kugusa kitu. Mtu asiyejua angedhani amepumzika. Mimi naamini kazi ile, ya kusaka chanzo cha kelele ndani ya chombo cha mtumba, ni mojawapo ya kazi za akili zilizo safi kabisa jijini Dar es Salaam, na haijapata wa kuisifu inavyostahili.

Wazo watu wanaijua kwa saruji. Kiwanda kilianza uzalishaji mwaka 1966 kwa kutumia mawe ya chokaa ya kilima hiki, na tangu hapo jina la mahali na saruji haviachani. Leo kuna wafyatua matofali kila kona, malori ya mchanga na kokoto yanashuka kwenda Tegeta, nyumba mpya zinapanda hadi Salasala na Mivumoni, na katikati ya nyumba hizo kuna makanisa, misikiti na madrasa. Palipo na kwaya na kaswida, haikosi haja ya kurekodi. Basi chumba kimoja cha nyumba kinazungushiwa magodoro ukutani, kompyuta inawekwa mezani, na hapo kinachobaki kutafutwa ni maiki. Mpya ya valvu, ya jina kubwa, bei yake inatosha kuanzia ujenzi. Kwa hiyo zinakuja za mtumba: ndani ya kontena pamoja na spika na mafungu ya nyaya, au kwenye begi la ndugu anayerudi likizo kutoka Uingereza. Nyingi zimetengenezwa China, na ndani yake kuna valvu moja ya 12AX7, ileile ambayo Ulaya inajulikana kama ECC83 na ambayo wapiga magitaa wanaikuta kwenye amplifaya zao. Zinafika zikiwa na sura nzuri. Kelele zake zinagundulika siku ya kurekodi.

Ili kuuheshimu ufundi huu inabidi kujua kwanza jambo lenyewe ni dogo kiasi gani. Ndani ya kichwa cha maiki kuna utando wa plastiki uliopakwa dhahabu, unene wake mikroni 6 hivi. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Nyuma yake, karibu mno, kuna bamba la metali lenye matundu. Kati ya viwili hivyo huwekwa umeme wa volti 60 hivi, na sauti ya mwimbaji inapousukuma utando, umeme huo hutikisika kidogo sana. Mtikisiko huo ni dhaifu hata hauwezi kusafiri peke yake kwenye waya wa mita chache. Unahitaji mpokeaji aliye hapo hapo, asiyeunyonya, na mpokeaji huyo ni valvu, kichupa cha kioo kinachopashwa moto kwa umeme. Ili mtikisiko usivujie pembeni, valvu huzungukwa na rizista zenye ukinzani mkubwa ajabu, mamia ya mamilioni ya ohm, wakati mwingine bilioni nzima. Sasa fikiri: alama ya kidole chenye jasho la chumvi, ikiachwa juu ya kioo cha valvu au juu ya rizista hiyo, inaweza kuwa njia nyepesi zaidi kwa umeme kuliko rizista yenyewe. Vumbi la saruji likikaa hapo likapata unyevu, vivyo hivyo. Bahari ya Kunduchi iko karibu, masika hukaza kuanzia Machi hadi Mei, na vumbi la barabara zisizo na lami halina msimu. Ndiyo maana mipasuko ni maradhi ya ukanda wetu. Maiki iliyonyamaza miaka kumi katika chumba kikavu cha London inaweza kuanza kulalamika wiki ya kwanza ikiwa Tegeta, na wala haijaharibika kitu kingine.

Elimu hii ya valvu ina mizizi ya zamani. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri zake. Mwaka huohuo, mjini Berlin, Georg Neumann alianzisha kampuni yake na kuanza kuuza CMV 3, maiki ndefu ambayo kwa umbo lake watu waliipa jina la chupa, yenye valvu tumboni. Ilikuwa maiki ya kwanza ya aina ya kondensa kutengenezwa kiwandani kwa wingi. Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio ya transista ilikuwa bado haijafika sokoni popote duniani. Redio zilizokuwa sebuleni mwa watu na barazani zilikuwa za valvu, zilizohitaji kupata moto kwanza ndipo ziseme. Kituo hicho kikawa Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na katika miaka hiyo mjini kulikuwa na mafundi waliolea valvu. Fundi wangu alifundishwa na mjomba wake, aliyetengeneza redio Gerezani. Transista zilipoenea, maarifa ya valvu yalikosa wateja. Hayakufa, yalikaa kwa watu. Leo kijana wa Bongo Fleva anayetaka sauti yake iwe na uzito fulani, na mzee wa kaswida ambaye hata hajui ndani ya maiki kuna nini, wote wananufaika na elimu ya mjomba yule.

Siku moja mwalimu mmoja wa kwaya alikuja kwa fundi wangu na maiki yake akiwa tayari amenunua valvu mpya.

"Fundi, nibadilishie tu hii, yaishe."

"Mwalimu, tuisikilize kwanza."

Hapo ndipo mafundi wanapotengana. Wapo wanaobadilisha: valvu, kapasita zote, waya, hadi kelele ikome. Siipendi njia hiyo, na sababu yangu si gharama peke yake. Ukibadilisha vitu kumi na tano kwa mkupuo na kelele ikatoweka, hujui ni kipi kilichokuwa kibovu, na vipande vizuri kumi na vinne vimekwenda kwenye ndoo ya taka. Vingine havirudi tena. Maiki ya U47 ya Neumann, iliyotoka mwaka 1949, ilitegemea valvu ya VF14 ya Telefunken. Utengenezaji wa valvu hiyo ulipokoma, U47 nayo ikafikia mwisho katikati ya miaka ya 1960. Anayetupa valvu nzima kwa kuidhania mbovu hajui alichokishika.

Fundi wa Wazo hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kabla ya hapo hutenganisha. Kwa maiki ya mwalimu, alianza na waya. Maiki hizi zina waya wenye pini saba unaotoka kwenye maiki hadi kwenye kisanduku cha umeme, na pini moja yenye kutu inaweza kuiga karibu kila ugonjwa. Aliukunja taratibu, sehemu baada ya sehemu, akisikiliza. Haukuwa na neno. Mvumo ulikuwa palepale, na chini yake mipasuko ya hapa na pale. Maradhi mawili, basi, na akayatamka kama mawili. Nilipenda hilo. Haraka ya wengi wetu ni kutafuta jibu moja la kila kitu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona. Alimwomba mwalimu wa kwaya aende kwenye kinanda aitafute noti ya ule mvumo. Mwalimu akabonyeza, akashuka, akapanda, akatulia karibu na G ya besi. "Ya chini kabisa au ya juu yake?" Ya juu yake. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Umeme wetu wa nyumbani ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo wa 50, ile G ya chini kabisa, humfanya atazame jinsi waya za ardhi zilivyounganishwa, au umeme unaopasha valvu moto. Lakini umeme ukishapita kwenye daraja la diodi ndani ya kisanduku, mawimbi yake huwa 100 kwa sekunde, na yakisikika hayo, kapasita kubwa zenye kazi ya kuyalainisha ndizo zilizochoka. Oktava moja ya kinanda ilikuwa imetenga nusu ya uwezekano wote, na hakuna skrubu iliyokuwa imefunguliwa.

Kisanduku hakifunguliwi kwa mzaha. Alikizima, akachomoa waya ukutani, akasubiri, kisha akapima kwa mita kabla ya kuingiza kidole, maana kapasita zinaweza kushikilia volti zaidi ya mia hata umeme ukiwa umekatwa. Mbili zilikuwa zimevimba juu. Akamtuma binti anayejifunza kazi kwake aende Kariakoo kutafuta nyingine, zenye uwezo uleule na volti zisizopungua za mwanzo. Mvumo ukaisha siku hiyo.

Mipasuko ilitaka subira zaidi. Fundi ana valvu moja anayoijua kuwa tulivu, huihifadhi kwenye boksi lake na hamuuzii mtu. Kazi ya valvu hiyo ni kutoa ushahidi. Akaiweka mahali pa ile ya mwalimu. Mipasuko ikaendelea. Akairudisha ya mwalimu, akaigonga kidogo kwa kijiti cha mshikaki, kwa kuwa valvu mbovu ikigongwa hulia kama kengele ndani ya hedifoni. Haikulia. Valvu ikawa imeachiwa huru. Baadaye akaitoa kapsuli, kile kichwa chenye utando wa dhahabu, na badala yake akalehemu kapasita ndogo ya pikofaradi 68, ambayo ndani ya saketi hukaa karibu sawa na kapsuli ila haisikii sauti. Akarudisha wavu wa chuma juu yake, kwani bila kinga hiyo kila waya wa nyumba ungeingiza mvumo wake. Kama kungekuwa kimya, lawama ingekuwa ya kapsuli. Hakukuwa kimya. Pa, papa. Kwa hiyo kapsuli, kitu cha thamani kuliko vyote na chepesi kuharibika kuliko vyote, haikuhitaji hata kupulizwa.

Natamani watu wengi zaidi wajue uzuri wa hatua ile. Katika majaribio machache kelele ilikuwa imefukuzwa kutoka kwenye chombo kizima hadi kwenye eneo lisilozidi ukucha. Hapo akawasha taa, akachukua kioo cha kukuzia, akaiona: mabaki ya rangi ya kahawia ya dawa ya kulehemia, yaliyoachwa na mtu aliyewahi kuitengeneza huko nyuma, yamezunguka miguu ya rizista ya bilioni ya ohm, na juu yake ukungu wa vumbi. Aliyasafisha kwa brashi laini na alkoholi ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, na sehemu kubwa ya kilichobaki humo ni maji, yaani yuleyule adui anayefukuzwa. Maiki ikalala ndani ya kopo lililofungwa pamoja na vifuko vya silika. Binti akaandika kwenye daftari: tarehe, hali ya hewa, sauti iliyosikika, kilichobadilishwa, kilichotokea. Fundi hajamruhusu bado kushika bisibisi peke yake. Kwanza amtajie, kwa hedifoni tu, kelele inatoka upande gani. Mwezi uliopita alipatia mara nyingi kuliko alivyokosea, naye anakaribia.

Mwalimu wa kwaya aliporudi alivaa hedifoni na kusema bado anasikia kitu. Kweli kilikuwepo: pumzi nyembamba, sawasawa, chini ya kila kitu. Fundi alimweleza kwamba hiyo haitoki. Mwaka 1928 huohuo, huko Marekani, J. B. Johnson alichapisha vipimo vyake kuonyesha kwamba rizista yoyote, hata iliyo nzima kabisa, hutoa kelele kwa sababu ya joto lake tu, na Harry Nyquist akaeleza hesabu yake. Chembe za umeme hazitulii maadamu kitu kina joto. Anayeikimbiza kelele hiyo kwa kubadilisha vipuri atabadilisha hadi achoke. Kuitambua, na kuitofautisha na kelele ya ugonjwa, ndiko kunakomwezesha fundi kusema kazi imekwisha na asiwe anadanganya.

Akaimba mwenyewe mbele ya maiki, mwalimu yule, sauti ya tenori, beti mbili. Kisha akasikiliza alichorekodi mara tatu bila kusema kitu, akauliza bei. Alilipa kapasita mbili, alkoholi kidogo na muda wa fundi. Valvu mpya aliyokuja nayo ilirudishwa kwenye boksi lake bila kutumika, na fundi akamwambia aiweke mahali pakavu: hii iliyomo bado ina miaka, ikichoka atakuwa nayo.