Futi 9,000 kutoka wapi? Ramani ya rubani na upungufu wa istilahi zetu

RAMANI ya anga nayo ni matini, na matini yoyote huhakikiwa. Hebu leo tuisome ile anayoikunjua mwanafunzi wa urubani katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi.

Kwanza tuisifu. Haipotezi neno. Vilele, vizuizi na mipaka ya anga vimo, kila kimoja na tarakimu zake. Machapisho yanayoandamana nayo hurekebishwa kwa mzunguko wa siku 28, maana angani habari iliyochakaa ni hatari.

Sifa yake kuu ni kutochanganya vipimo. Kiingereza chake kina neno la umbali wa ndege kutoka ardhi iliyo chini yake, jingine la umbali wake kutoka usawa wa bahari, na la tatu la mwinuko wa ardhi yenyewe. Sisi je? Yote ni “urefu”! Utasikia ati ndege iliruka “urefu wa futi 9,000”. Kutoka wapi?

Mchukue mwanafunzi wa Kianjokoma, kule Embu kwenye majani chai, chini ya Mlima Kenya. Ndege yake ikiwa imeegeshwa Wilson, altimeta iliyopangwa kwa usawa wa bahari husoma takriban futi 5,500, ilhali magurudumu yamekanyaga lami! Akipita juu ya kwao kwa futi 9,000 akielekea mlimani, mshale wa altimeta hautasogea. Ardhi ndiyo itakayompandia, kwani kilele cha Batian kina mita 5,199, yaani futi 17,000 na ushei. Julai 2003, ndege ya kukodi iligonga Lenana katika mlima uo huo na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Sisemi lugha ndiyo iliyosababisha. Nasema mlima hauna msamaha.

Wapo watakaoniambia Kiingereza ndicho lugha ya redio angani. Naam, na kibaki huko. Lakini dhana hueleweka kwanza ardhini, darasani, na mwalimu atakayetaka kuifafanua kwa Kiswahili atakwama. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Urasmi usio na istilahi ni wa karatasi tu.

Napendekeza hivi: “mwinuko” libaki la ardhi; “kimoardhi” liwe la ndege kutoka ardhini; “kimobahari” liwe la ndege kutoka usawa wa bahari. Mwenye maneno bora zaidi na ayalete. Wanahabari nao, kabla ya kutangaza futi, wajiulize: kutoka wapi?