Gari Tupu Mtoni: Mandhari na Kazi katika Mchoro wa John Constable

Neno mandhari, jinsi litumiwavyo katika uhakiki wa Kiswahili, limetwikwa mzigo mdogo kuliko linaoweza kuubeba. Mwanafunzi wa riwaya hufundishwa kwamba mandhari ni mahali na wakati wahusika wanapotendea matendo yao, kisha huachwa aamini kwamba hayo yote ni sawa na pazia la nyuma jukwaani. Katika uchoraji neno hilo hilo huwa jina la utanzu mzima, na hapo huzuka swali ambalo wahakiki wa fasihi hawajalijibu barabara: je, mtu aliyemo katika mandhari ni mhusika, au naye ahesabiwe pamoja na miti na maji? Mchoro mmoja wa Kiingereza wa mwaka 1821 unalidai jibu kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Mchoro wenyewe hujulikana leo kwa jina la The Hay Wain, yaani gari la nyasi kavu, nao umehifadhiwa katika National Gallery, London. Ni turubai ya rangi za mafuta yenye upana wa takriban sentimita 185 na kimo cha sentimita 130. John Constable (1776–1837) hakuuita hivyo alipouonyesha kwa mara ya kwanza katika Royal Academy. Aliuita "Mandhari: Adhuhuri". Jina la gari lilikuja likashinda, na ushindi huo umeleta hasara, kwani mtazamaji huenda moja kwa moja kwenye gari akitafuta nyasi ambazo hazimo. Gari ni tupu. Limesimama katika maji mafupi ya mto Stour, mpakani mwa Suffolk na Essex, likivutwa na farasi watatu, na ndani yake mna wanaume wawili. Kushoto ipo nyumba ya Willy Lott, mkulima mpangaji, ambaye inasimuliwa kwamba katika miaka themanini na zaidi ya uhai wake hakulala nje ya nyumba hiyo ila siku nne tu. Mwanamke ameinama kando ya maji. Mbali kabisa, ng'ambo ya mto, kuna nukta nyeupe chache mbugani: hao ndio wakata nyasi, na karibu nao gari jingine linapakiwa.

Hakuna katika picha hii kitu ambacho Constable hakukijua kwa mkono. Babake, Golding Constable, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na mwenye kinu cha maji cha Flatford, hatua chache kutoka mahali gari liliposimama. Na kijana mwenyewe alifanya kazi kinuni kabla ya kwenda London kujifunza uchoraji mwaka 1799. Mwendesha kinu cha upepo hulazimika kuisoma mbingu, la sivyo matanga ya kinu chake yatavunjika. Hapana ajabu, basi, kwamba katika miaka ya 1821 na 1822 mchoraji huyu alikaa Hampstead akichora mawingu matupu, akiandika nyuma ya karatasi siku, saa na upande wa upepo. Adhuhuri yake si ile ya jua la utosi waijuayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mawingu yanajikusanya juu ya miti, na yeyote aliyewahi kuanika mazao uani anaelewa maana yake: nyasi zilizokatwa huhitaji siku kadhaa za ukavu, na mvua moja huziozesha. Mbingu hiyo ndiyo yenye uwezo wa kuharibu kazi ya watu walio chini yake. Anayeiita pambo hajauona mchoro.

Lakini watu je? John Barrell, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu maskini wa mashambani katika uchoraji wa Kiingereza, alidai kwamba wafanyakazi wa Constable husukumwa mbali, wakafanywa wadogo, hadi wakaonekana kama sehemu ya ardhi wanayoilima. Historia inampa nguvu. Baada ya vita na Ufaransa kwisha mwaka 1815, bei za nafaka zilianguka, ujira ukashuka, na Sheria za Nafaka za mwaka huo zikawalinda wenye mashamba kuliko walaji. Vibarua wa mashariki ya Uingereza walifanya ghasia mwaka 1816, na tena mwaka 1822, walipovunja mashine za kupura na kuchoma mali. Constable alizijua habari za mioto hiyo kupitia kwa nduguye aliyebaki nyumbani. Katika mchoro, moshi wa pekee ni ule mwembamba utokao katika bomba la nyumba ya Lott.

Hata hivyo hukumu hii yahitaji kurekebishwa. Kumdai msanii achore moto kwa sababu moto uliwaka ni kuigeuza sanaa kuwa taarifa ya polisi, kosa ambalo uhakiki wa Afrika Mashariki umelifanya mara nyingi kwa washairi wake wenyewe. Umbali nao si dhambi. Mkata nyasi aliye ng'ambo ya mbuga huonekana mdogo kwa yeyote. Kasoro imo karibu zaidi, pale garini. Mnamo Februari 1821, akiwa London katika majira ya baridi, Constable aligundua kwamba hakumbuki vyema umbo la gari la mavuno. Nduguye Abram akampatia mchoro wake uliofanywa na kijana John Dunthorne. Usahihi wa magurudumu na hatamu ulimhangaisha hivyo. Nyuso za wanaume wawili waliomo hazisomeki, ingawa wako katikati ya picha na mwanga ni wa mchana. Hilo ndilo jicho la mwana wa mwenye kinu: linajua kila chombo, linajua kama kazi inakwenda, wala halina haja ya kumtambua anayeifanya.

Ufaransa iliupokea mchoro kwa shangwe ambayo London ilikuwa imemnyima. Mfanyabiashara wa Paris, John Arrowsmith, aliununua mwaka 1824 pamoja na michoro mingine miwili kwa jumla ya pauni 250, na katika maonyesho ya Paris ya mwaka huo mfalme Charles wa Kumi akamtunuku mchoraji nishani ya dhahabu. Mwaka 1980, silaha za nyuklia za Marekani zilipokuwa zikikusudiwa kuwekwa mashariki ya Uingereza, Peter Kennard alibandika makombora juu ya gari lile lile. Aliyapata mahali pa kuyaweka kwa sababu Constable alikuwa ameliacha gari tupu.

Ipo pia rasimu ya ukubwa kamili, sasa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Humo, ukingoni kabisa, karibu na mtazamaji kuliko mtu mwingine yeyote, yumo mpanda farasi. Katika turubai ya mwisho ameondolewa. Mbwa aliyekuwa karibu naye amebaki, akiliangalia gari.