Ukungu Uliopimwa: Sifa ya Ufundi wa Vibao vya Akriliki

Katika kazi nyingi za mkono, mkwaruzo ni kasoro ambayo fundi hutoa jasho kuifuta, lakini katika utengenezaji wa vibao vya akriliki vyenye sura ya kioo cha ukungu, mkwaruzo ndio chanzo cha urembo wenyewe. Kibao cha aina hii, ambacho huonekana kwenye milango ya mawakili, kliniki na hoteli, ni bamba la plastiki angavu ambalo uso wake umepunguzwa mng'ao kwa makusudi, ili mwanga upite huku sura ya kilicho nyuma ikifichika, na maandishi yaonekane kana kwamba yamezama ndani ya bamba. Ufundi huu unastahili sifa kwa kuwa unautwaa udhaifu wa malighafi na kuufanya pambo, na kwa kuwa kipimo chake cha ubora ni kimoja na kigumu, nacho ni usawa.

Akriliki, ambayo mafundi wengi huiita kwa jina la kibiashara la Perspex, ni plastiki inayojulikana katika kemia kama polimethili methakrilati. Ilianza kuingia sokoni katika miaka ya 1930, pale Otto Röhm na kampuni yake huko Darmstadt, Ujerumani, walipoitoa kwa jina la Plexiglas mwaka 1933, wakati ambapo wanakemia wa kampuni ya ICI nchini Uingereza nao walikuwa wakiiendeleza kwa jina la Perspex. Na Vita Kuu ya Pili ilipozuka, ikawa madirisha ya ndege za kivita. Uzito wake ni takribani nusu ya uzito wa kioo cha ujazo uleule, haivunjiki kwa urahisi kama kioo, nayo hupitisha takribani asilimia 92 ya mwanga unaoiangukia. Pamoja na sifa hizo ina aibu yake moja: ni laini, hivyo hata kitambaa chenye vumbi huweza kuiachia alama.

Hapo ndipo fundi anapoingia. Mwanga ukiangukia uso laini hupenya kwa mpangilio, na jicho huona kilicho upande wa pili. Ukiangukia uso wenye vishimo na vilima vidogo mno, kila mwale hupindwa upande wake, na kinachobaki ni weupe mtulivu usio na sura. Kwa hiyo mkwaruzo mmoja ni doa, kwa sababu unatofautiana na majirani zake, ilhali mikwaruzo isiyohesabika iliyotawanyika sawasawa ni ukungu, kwa sababu hakuna hata mmoja unaojitenga na kulivuta jicho.

Njia za kuupata ukungu huo ni kadhaa. Iliyo kongwe ni ya kupuliza mchanga kwa nguvu ya hewa, ambayo Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia, Marekani, aliipatia hataza mwaka 1870, na ambayo ilitumika kwa kioo na mawe kabla akriliki haijazaliwa. Iliyo rahisi ni kubandika stika yenye sura ya ukungu, ambayo hukatwa kwa mashine iitwayo plota. Ipo pia leza, yaani mwale wa mwanga uliokusanywa hadi ukaweza kuunguza, nayo huchora herufi nyeupe kwenye akriliki iliyotengenezwa kwa kumiminwa katika kalibu, ingawa kwenye akriliki iliyosukumwa kupitia tundu la mashine mchoro huohuo hutoka hafifu, karibu na uangavu. Fundi asiyeijua tofauti ya mabamba hayo mawili, ambayo kwa macho hufanana, atailaumu mashine kwa kosa la malighafi. Tindikali na krimu zinazotumika kutia ukungu kwenye kioo hazifai hapa, kwa kuwa hushambulia silika iliyomo kwenye kioo, na akriliki haina silika.

Njia inayoudhihirisha mkono wa fundi kuliko zote, hata hivyo, ni ya msasa. Sehemu zitakazobaki angavu, mara nyingi herufi zenyewe, hufunikwa kwa stika imara iliyokatwa kwa umbo lake, kisha uso uliobaki husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia ule wa chembe kubwa kiasi hadi ule wa chembe ndogo, kwa mizunguko midogo inayopandana, ili pasibaki mstari wenye mwelekeo. Maji yana kazi mbili: huondoa unga unaoweza kuchimba mifereji, na hupoza joto la msuguano, kwa maana akriliki hulainika inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi na kuanza kugandamana na msasa. Uso ulioloa, hata hivyo, hudanganya, kwa kuwa maji hujaza vishimo na kurudisha uangavu wa muda. Basi fundi mwenye subira huosha, hukausha, huinua bamba mbele ya taa, hutafuta mahali palipopungukiwa, kisha hurudia.

Akili ya kazi hii huonekana zaidi katika maamuzi ambayo mteja hayaoni. Fundi hodari hutia ukungu upande wa nyuma, hivyo hulazimika kupanga herufi kinyume, ili upande wa mbele ubaki laini na wa kufutika, kwani mafuta ya vidole yakiingia kwenye vishimo huvijaza na kuacha mabaka angavu. Vilevile huuangalia ukuta kabla ya kuligusa bamba, kwa sababu ukungu mweupe juu ya ukuta mweupe humeza maandishi, na kibao kisichosomeka kimeshindwa kazi yake hata kikiwa kizuri namna gani.

Uangalifu huo huendelea hadi kwenye usimikaji. Joto likipanda kwa nyuzi 20, bamba lenye urefu wa mita 1 hurefuka kwa takribani milimita 1.4, na kwa hiyo tundu la skrubu hutobolewa likiwa pana kidogo kuliko skrubu yenyewe, vinginevyo bamba hupasuka pembeni. Vishikizo vya chuma vinavyoliweka bamba mbali kidogo na ukuta huruhusu mwanga upite nyuma na herufi zitupe kivuli chepesi, na katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, vishikizo hivyo havina budi kuwa vya chuma kisichoshika kutu upesi, maana chumvi ya hewani haina huruma. Usafi nao una kanuni yake, nayo ni maji, sabuni laini na kitambaa safi. Spiriti huipasua akriliki nyufa ndogondogo, hasa kingoni palipokatwa kwa leza.

Kwa hayo yote, bei ya kibao kizuri haipaswi kupimwa kwa ukubwa wa bamba pekee, kwa sababu bamba ni sehemu ndogo ya kinachonunuliwa. Mteja anayetaka kumtambua fundi wa kweli na akisimamishe kibao mbele ya dirisha na kukikagua kuanzia katikati hadi pembeni: ukungu ukiwa sawa kote na kingo za herufi zikiwa kali, amlipe anachostahili bila kubishana.