Picha Itundikwe Wapi?

Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York lilinunua picha ya Sam Ntiro: wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi, usiku. Heshima kubwa hiyo. Lakini wabeba pombe wenyewe, kule Uchagani, waliiona lini?

Swali hilo namrushia mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuonesha kazi zake hapa Songea. Wengi watamwambia, "Nenda Makumbusho ya Maji Maji, pale Mahenge!" Mimi nasita. Pale wamelala mashujaa walionyongwa Februari 27, 1906. Mgeni akitokwa machozi, kalilia kaburi, siyo picha. Kazi dhaifu itajificha nyuma ya wafu, na mchoraji ataondoka akidhani kaweza. Kama kachora vita vile, haya, athubutu. Ila ajue anashindana na nani.

Lakini kama kachora wakulima na magunia ya mahindi, aende sokoni. Aombe kibaraza, asubiri Juni mvua zikiwa zimekwisha, atundike. Mama muuza maharage hana adabu za ukumbini: atamwambia wazi kwamba gunia halibebwi hivyo, huyo mtu angevunjika mgongo! Mtahini wa chuo huenda asilione kosa hilo kabisa.

Ndugu zangu wachoraji, nanyi waandishi pia, kabla hamjaulizia bei ya ukumbi ulizeni kwanza: humo ndani ataingia nani wa kutukosoa?