Nyani Asiyesema: Makuzi ya Mhusika Mbaya katika Riwaya ya Vijana

Makala haya yanachunguza aina ya riwaya ambayo katika Kiswahili ni adimu: riwaya nyepesi ya vijana, yenye kuchekesha, ambayo mhusika wake mkuu humchukiza msomaji hapo mwanzo, kisha akakua mbele ya macho yake. Wahusika wabaya tunao tele, na wanaobadilika tunao pia. Lakini uchangamfu wa usimulizi, ubaya wa mhusika na makuzi yake ni mambo yanayokutana kwa nadra katika kitabu kimoja.

Mfano wa karibu zaidi ni wa kale kidogo, nao ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert (1952). Inafahamika kwamba msuko wake umetokana na hekaya moja ya Alfu Lela u Lela. Hasidi na Mwivu wanafuja mali, wanasaidiwa na ndugu yao Adili, kisha wanamtosa baharini. Jini Huria anawageuza manyani, na Adili anaamrishwa kuwapiga mijeledi kila usiku. Katika hekaya ya asili ndugu hao wanageuzwa mbwa. Wanaposamehewa na kurudia umbo la binadamu wanamwangamiza ndugu yao mara ya pili, na mwisho wao ni kunyongwa. Shaaban Robert aliikataa hatima hiyo. Kwake msamaha unazaa toba, na toba inadumu. Wahakiki wengi wameyaona mabadiliko haya kuwa ni mahubiri ya kawaida ya mwandishi huyu juu ya wema. Sisi tunayaona kuwa ni uamuzi wa kifani pia, kwa sababu yanauhamisha mzigo wa hadithi. Adili anaingia mwema na kutoka mwema. Wanaosafiri kimaadili ni nduguze, ingawa jina la kwanza juu ya jalada ni lake.

Tatizo ni kwamba safari hiyo hatuioni. Nyani hasemi. Muda wote ambao Hasidi na Mwivu wanapaswa kuwa wanajifunza, msimulizi ni Adili, na sisi tunausikia mjeledi bila kusikia fikira zao. Makuzi yao yanatangazwa, hayasimuliwi. Juu ya hayo kuna majina. Uteuzi wa majina ya kimajazi ni mbinu anayoipenda sana Shaaban Robert, na aghalabu huleta ucheshi. Lakini mtu aitwaye Hasidi atakuaje? Akishatubu, angali anaitwa Hasidi.

Katika shule moja ya Mata, kando ya Ziwa Jipe, ambako mwandishi wa makala haya alifundisha kwa muda, kitabu hiki kilisomwa nje ya silabasi. Wanafunzi walikichekea kisa cha manyani kuliko nilivyotarajia. Nilipowataka waorodheshe sifa za Hasidi, msichana mmoja aliuliza: “Mwalimu, Hasidi yupi? Wa chomboni au wa mwisho?” Nilimjibu kwamba mtahini humtaka mwenye husuda. Jibu hilo limenisumbua hadi leo. Swali la mtihani lisemalo “eleza sifa nne za mhusika” linamchukulia mhusika kama kiti: kina miguu minne, basi. Mwanafunzi aliyekwisha kutambua kwamba sifa zina wakati wake anafundishwa kulisahau jambo hilo ili apate alama.

Riwaya ya baadaye ilimpa mhusika mbaya sauti. Kazimoto wa Kichwamaji (Kezilahabi, 1974) anasimulia kwa nafsi ya kwanza: msomi wa chuo kikuu, mwenye kiburi, mkali wa ulimi, asiyewaheshimu wanakijiji waliomlea. Anachukiza, na mara nyingine anachekesha. Hapa ndipo tungetarajia makuzi, maana tumo ndani ya kichwa chake. Badala yake ufahamu wake unamzamisha, naye anajiua. Rosa Mistika (1971) ilikuwa imekwisha kufuata mkondo wa namna hiyo, tena kwa kuanza na binti mpole. Katika Utengano cha Said Ahmed Mohamed (1980), Bwana Maksuudi anafikia toba, lakini baada ya kuporomoka kabisa, na hapana atakayekiita kitabu hicho chepesi. Sungura wa ngano na Abunuwasi tunawaacha kando: kicheko chao kinategemea wasikue kamwe.

Kwa upande wa wepesi, Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alitupa Siku Njema (1996), riwaya iliyopendwa mno na vijana wa Kenya. Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake, na sauti yake ina uchangamfu ambao Kazimoto hana. Hata hivyo Kongowea ni mtu wa kutendewa. Makosa yako kwa wengine. Yeye anayavumilia, na tunampenda tangu ukurasa wa kwanza. Hili ni chaguo halali, na ufundi wa Walibora haupungui kwa sababu yake. Lakini kijana aliye mkorofi darasani, yule anayewacheka wenzake kwa viatu vyao, anamsoma Kongowea kwa huruma na hajioni popote.

Tutazame kwingine kidogo. Jane Austen alipoanza kuandika Emma, iliyotoka mwishoni mwa 1815, alisema anamuumba shujaa wa kike ambaye hatapendwa sana na mtu ila yeye mwenyewe. Emma anamkejeli mwanamke maskini hadharani, mandarini; akikemewa, analia ndani ya gari akirudi nyumbani. Msimulizi hambandui macho. Hakuna jini, hakuna mjeledi, wala hakuna kifo. Aibu inatoka ndani, na kicheko kinaendelea baadaye.

Nyenzo hizi Kiswahili kinazo zote, ila zimetawanyika: toba idumuyo iko kwa Shaaban Robert, sauti ya mwenye kiburi iko kwa Kezilahabi, bashasha iko kwa Walibora. Hadithi ya manyani ikisimuliwa upya na Mwivu mwenyewe, usiku baada ya usiku, akiwa amefungwa na kuudhika na kujitetea, msichana wa Mata angekuwa na kurasa za kuniashiria kwa kidole.