Pete ya Urithi Iliyofuliwa Upya: Namna ya Kuipima

Pete ya urithi hufuliwa upya kwa sababu tatu: iliyopo imelika mpaka haivaliki, imepotea na kubaki pichani, au warithi ni wengi kuliko pete. Mkoani Katavi sababu ya tatu ndiyo inayozidi kusikika, kwa kuwa dhahabu huko si kitu cha kuagizwa mbali. Wachimbaji wadogo wanaitoa, Mpanda lipo soko la madini, na familia ya Sitalike yenye mabinti wanne na pete moja ya bibi inaweza kupata gramu zake bila kupanda basi la Dar es Salaam. Dhahabu ikisogea karibu, kazi mbovu nayo husogea. Pete zinazozungushwa mkono kwa mkono harusini siku hizi na kusifiwa kwa vigelegele ni za kusubu, zimeng'arishwa mpaka kona zote zimefutika, zina kioo chekundu katikati, na wanaozisifu hawajazigeuza hata mara moja.

Kipimo cha kwanza ni dhahabu yenyewe. Ile inayotoka kwenye zebaki na kuchomwa shimoni haijawa dhahabu ya sonara. Ina fedha ndani yake, pengine na shaba, na kiasi hutofautiana shimo kwa shimo. Anayeimwaga kalibuni bila kuisafisha wala kuipima hajui amefua karati ngapi, na alama ya 916 anayoigonga ndani ya pete ni pambo tu. Jiwe la kupimia na tone la asidi vinatosha kumuumbua. Pete ya urithi ni ya karati 22, basi. Karati 18 ni ngumu zaidi na maduka yanaipenda, lakini rangi yake si ile ya kidole cha bibi, na anayeikubali amenunua pete nyingine kabisa.

Kosa baya kuliko yote katika hatua hii hufanywa kwa nia njema: kuyeyusha pete ya zamani ili "dhahabu iwe ileile". Pete iliyovaliwa miaka hamsini ina lehemu kila ilipotengenezwa, na si ajabu mojawapo ya lehemu hizo iliwekwa na fundi redio kwa waya wake wa risasi. Chembe ya risasi ikiingia kwenye dhahabu iliyoyeyuka, dhahabu inakuwa kavu na kupasuka chini ya nyundo. Mpanda, mji ulioletewa reli kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa risasi, ungetarajiwa kulijua hilo kuliko miji mingine yote ya nchi hii.

Baada ya dhahabu ni vipimo. Fundi mvivu huchukua pete ya zamani, akapima unene wa duara lake kwa chini, akaiga alichokiona. Anachokiona ni kazi ya mpini wa jembe, mchi na kamba ya ndoo ya kisima, si kazi ya sonara wa kwanza. Pete hupimwa mahali isipolika: mabegani, karibu na kito, na kwa upande wa ndani. Nakshi iliyofifia hufuatwa kwa lenzi mpaka mkato wake wa awali uonekane, kisha hukatwa upya kwa kina chake cha zamani. Nakala inayozaliwa imeshachakaa ni mzaha.

Kwenye vito ndipo maneno huwa mengi kuliko ujuzi. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza yakuti kwa moto, na tangu hapo yakuti za kiwandani zimeuzwa duniani kote kwa bei ya chini. Kwa hiyo yakuti ya bibi, aliyoinunua dukani enzi za mkoloni na kuiamini maisha yake yote, huenda ikawa mojawapo. Lenzi ya kukuza mara 10 mara nyingi huonyesha: mistari ya ndani imepinda kama ya sahani ya santuri, wakati mistari ya yakuti ya ardhini imenyooka na kukutana kwa pembe. Si aibu kwa bibi. Aibu ni ya sonara anayeiona mistari hiyo akanyamaza, kisha akatoza bei ya yakuti ya ardhini.

Kwa anayetaka jiwe la ardhini, nchi haina upungufu. Winza, mkoani Dodoma, ilitoa yakuti nyekundu zilizoshangaza masoko ya nje mwaka 2008. Mahenge ina spineli yenye wekundu unaowaka. Tunduru na Umba zina yakuti za samawati na za rangi nyingine nyingi. Na zumaridi zimechimbwa jirani tu, Sumbawanga. Lakini mteja wa leo husema tanzanaiti, kwa sababu ameona nakala za pete ya uchumba ya Diana wa Uingereza ya mwaka 1981 na anataka bluu ile. Bluu ile ni ya yakuti, yenye ugumu wa 9. Tanzanaiti ina 6 hadi 7, na vumbi la barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga limejaa chembe za mchanga wenye ugumu wa 7. Kiangazi baada ya kiangazi kona za jiwe huanza kulika na uso kufifia. Tanzanaiti ni ya masikioni. Rangi ya jiwe lolote, kwa vyovyote, huangaliwa kivulini saa nne asubuhi. Jiwe linalopendeza chini ya taa za dukani tu liachwe hukohuko dukani.

Sasa jambo ambalo asiyejua hulikosa siku zote: tumbo la pete. Uso wa pete hufanyiwa watu. Tumbo sonara humfanyia sonara mwenzake, na hapo ndipo tabia yake inapoonekana. Chini ya kito panatakiwa pawe na dirisha, na dirisha hilo halitobolewi tu, hukatwa kwa msumeno mwembamba kufuata umbo la kito chenyewe: la duara chini ya kito cha duara, la yai chini ya kito cha yai, na la mraba chini ya mraba, na hili la mraba ndilo linalowashinda wengi. Kingo zake hupigwa tupa, halafu uzi uliopakwa dawa ya kung'arisha hupitishwa ndani na kuvutwa huku na huku mpaka kuta za dirisha zing'ae sawasawa na uso. Hakuna atakayeziona pete ikishavaliwa. Ndiyo maana zinapima.

Ndani ya dirisha kuna kiti cha kito. Kito hukaa juu ya kiti chake pande zote, si kwa kuegemea pointi tatu. Pete ikiinuliwa ubavu kuelekea dirisha la nyumba, kusionekane uzi wa mwanga kati ya dhahabu na jiwe. Palipo na mwanga patakaa sabuni na unga wa ugali, na baada ya mwaka jiwe litaanza kucheza. Pete huwekwa karibu na sikio na kugongwa kwa kidole. Ikilia, irudishwe.

Mvivu hutoboa tundu moja la keekee chini ya kila kito, liwe duara liwe mraba, na kuacha mabaki yakichoma ngozi. Tapeli hatoboi kabisa. Pete za kale zipo zilizozibwa nyuma na kuwekewa karatasi ya kung'aa chini ya jiwe, na nakala yake ina haki ya kuzibwa vilevile. Nyingine yoyote iliyozibwa inaficha kitu. Kuna mchuuzi aliyewahi kupita nyumba za wageni za Mpanda na "zumaridi za Sumbawanga" katika pete zilizozibwa vizuri sana. Zilipendwa mpaka siku ya kufua: maji yalipenya, rangi ya kucha iliyopakwa nyuma ya kioo ikabanduka vipande vipande, na vito vikabaki na mabaka. Upande wa pili anakumbukwa mzee sonara aliyekuwa akimpa mteja pete kifudifudi, kito kikiangalia kiganja, na hakuigeuza mpaka mteja alitazame tumbo kwanza. Pete ambayo mteja alikwisha kuilipia na kuisifia, yeye aliikata na kuianza upya kwa dirisha lililopinda kidogo. Masonara wa aina hiyo waliketi mkekani, sinia chini ya mikono kukinga vumbi la tupa, wakipuliza moto kwa mrija wa shaba. Kazi yao ilichukua wiki, na hakuna aliyelalamika.

Yaliyobaki ni mepesi. Kito hushikwa kwa ukingo mzima uliokandamizwa taratibu, jambo ambalo karati 22 hulikubali kwa ulaini wake. Kucha za kushikia kito ni mtindo wa dukani. Pamba ikipitishwa juu ya ukingo isibakize hata unyuzi. Lehemu zote zitangulie, vito viwekwe mwisho, hasa zumaridi, ambayo moto huipasua. Na mabaki ya dhahabu yarudi kwa mwenyewe pamoja na pete, yakiwa yamepimwa mbele yake.

Pete ya zamani ibaki nzima, na nakala igongwe ndani mwaka wake wa kufuliwa, kando ya alama ya karati. Nakala isiyo na mwaka itakuja kuuzwa kwa wajukuu kama ya bibi, na kwa hiyo ikataliwe hata kama tumbo lake halina kasoro.